Landrova Iliyofunguliwa Uani Mtendeni

Fundi aliyeletwa kuitazama Landrova ya baba hakumaliza hata kikombe cha kahawa. Alichomoa kijiti cha kupimia oili, akaona oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa, akakirudisha mahali pake na kujifuta mikono kwenye suruali.

"Mzee, maji yameingia kwenye oili," alisema. "Injini hii imekwisha. Tafuta mtu wa vyuma chakavu. Vipuri vyake havipo Tabora, havipo Mwanza, na hata Dar es Salaam utavizungukia mpaka viatu vitoboke."

Baba alimshukuru kwa kuja. Fundi alipoondoka, baba alibaki amesimama kwenye banda la mabati uani kwetu Mtendeni, kiganja juu ya boneti kama mtu anayepima homa ya mgonjwa. Wakati ule macho yake yote mawili yalikuwa yameshaingia mtoto wa jicho. Aliona mwanga, aliona kivuli cha mtu, basi.

Mimi nilikuwa barazani na cherehani yangu, nashona sare za shule. Nilikuwa na miaka thelathini na moja, nimeachika, nimerudi kwetu na cherehani hiyo na sanduku moja la nguo, na nilikuwa nimechoka kusikia watu wakitaja vitu vilivyokwisha. Nikasimamisha cherehani.

"Baba, nitaifungua mimi."

Akageuza uso upande wa sauti yangu. "Kufungua kila mtu anaweza. Utaifunga?"

"Nitaifunga."

Nilisema hivyo bila kujua injini ile ina nati ngapi. Lakini sikuwa nadanganya. Tangu utotoni nilikuwa nampa baba spana akiwa amelala chini ya gari, na nilizijua kwa sauti yake: akikohoa mara moja anataka ndogo, akinyamaza sana amekwama na anataka nyundo.

Landrova ile, ndefu, ya nyuma wazi yenye turubai, baba aliinunua kwa mpima ardhi mmoja Mzungu aliyekuwa akifungasha kurudi kwao mara baada ya uhuru. Babu yangu alifika Tabora kwa miguu na msafara kutoka pwani, akaoa hapa, akafa hapa. Baba naye alifanya biashara ya nta na asali kwenye njia zile zile za zamani, kuelekea Urambo na Uvinza, ila yeye alikwenda kwa magurudumu. Alijua kila mto wa msimu na kila mahali penye mchanga. Halafu mambo yakabadilika. Nta na asali zikawa zinanunuliwa na ushirika, na watu wa porini aliokuwa akiwafuata wakahamishiwa vijiji vipya. Baba hakugombana na mtu. Alifunga duka, akakaa nyumbani, na macho nayo yakaanza kufifia mwaka ule ule. Gari likalala bandani misimu miwili ya mvua. Tulipojaribu kuliwasha ndipo oili ikageuka chai ya maziwa.

Tulianza siku ya Jumapili. Miaka ile Jumapili alasiri magari hayakuruhusiwa kutembea kwa ajili ya kuhifadhi petroli, na mtaa ulikuwa kimya hata ungesikia kuku akiparua. Baba aliketi kwenye kigoda karibu na tairi la mbele, kofia kichwani, mikono magotini.

"Kabla hujagusa spana, toa plagi zote nne," aliniambia. "Unipe moja moja, uniambie ni ya ngapi."

Nikampa. Alizipitisha kidoleni, akazinusa. Ya tatu aliishika muda mrefu.

"Hii ina maji. Basi gasketi ya hedi imeungua kwenye silinda ya tatu. Injini haijafa, mwanangu. Imetoboka tu. Yule bwana aliangalia oili, hakuangalia plagi."

Sijui kama nitaweza kueleza furaha niliyoipata pale. Kitu kilichoitwa kimekwisha kilikuwa na tundu, na tundu huzibwa.

Nililegeza nati za hedi, kile kifuniko kizito cha juu ya injini, kwa namna aliyonielekeza, kidogo kidogo na kwa zamu, ili chuma kisipinde. Kila nati ilikwenda mahali pake kwenye masinia ya mama, nimeyapanga juu ya mkeka na kuandika kwa chaki kila kitu kimetoka wapi. Mama alitoka jikoni akayaona.

"Haya ni masinia ya pilau!"

"Nitayaosha, mama."

"Kwa sabuni gani? Sabuni yenyewe tunapanga foleni!"

Sikukuu ya Idi mwaka ule pilau yetu ilipakuliwa kwenye beseni, na mama aliwaeleza wageni sababu, mmoja mmoja, kila alipoingia mlangoni.

Gasketi mpya ya hedi tulikuwa nayo. Kwa miaka yote ile ilikuwa imetundikwa msumarini nyuma ya mlango wa chumba cha baba, imefungwa kwa gazeti, na kanzu zake zimening'inia juu yake. "Anayekwenda porini hununua kabla hajahitaji," alisema, na hakuona kama amefanya jambo kubwa. Gasketi ndogo ndogo ndizo zilikosekana. Hizo nilizikata mwenyewe kwenye boksi la viatu. Niliweka kadi juu ya chuma, nikaigonga polepole pembeni kwa kichwa cha nyundo ndogo mpaka ukingo ukajichora, nikakata kwa mkasi wangu mzuri wa vitambaa. Nimekata kola na mifuko maelfu. Boksi la viatu halikunishinda. Nikazipaka grisi pande zote mbili na baba akazipapasa akasema zimelala sawa.

Kazi iliyochukua muda ni valvu. Ziko nane, na kila moja lazima ikae kwenye kiti chake bila kupitisha hata pumzi. Ulikuwapo mti mfupi wenye raba ya kunyonya mwishoni. Unaubandika kwenye valvu, unapaka dawa ya kusagia, kisha unaupekecha katikati ya viganja kama mchungaji anayewasha moto kwa vijiti. Kushoto kulia, kushoto kulia, unainua, unazungusha kidogo, unaanza tena. Nilimaliza sare za shule asubuhi, nikapekecha valvu alasiri. Nilipodhani moja imekuwa tayari nilimpa baba, naye alipitisha ncha ya kidole cha shahada kwenye ukingo.

"Bado. Hapa kuna kishimo."

Niliangalia kwa macho yangu mawili mazima na sikuona kishimo. Nikarudia. Baada ya kupekecha tena kidogo nikakiona, kidoa cheusi kisichozidi kichwa cha sindano, mahali pale pale aliposema. Tangu siku hiyo nilianza kufumba macho ninapokagua chuma.

Siku ya kuiwasha, habari ilikuwa imeenea. Majirani walisimama mlangoni mwa ua, na yule fundi alikuwa kati yao, anatafuna muwa. Betri ilikuwa imekufa, kwa hiyo nilitia hendeli mbele ya gari, nikajifunga khanga kiunoni, nikazungusha. Mara ya kwanza kimya. Mara ya pili injini ikapiga mlio kama bunduki, moto ukachomoza kwenye kabureta, na kuku wote wa uani wakaruka ukuta. Watu wakacheka. Fundi alicheka kuliko wote.

Baba alikuwa ametulia kwenye kigoda chake.

"Nyaya za plagi umezipangaje?" akauliza.

"Kwa hesabu. Moja, mbili, tatu, nne."

"Nani alikufundisha hivyo?"

"Shule."

"Injini haikusoma shule. Yenyewe huwaka moja, tatu, nne, mbili. Panga upya, fuata upande inakozungukia."

Nikapanga upya. Nikarudi kwenye hendeli, nikavuta mara moja, na Landrova ikawaka. Ilitikisika, ikatoa moshi mweupe, kisha ikatulia na kuanza kunguruma kwa mpigo mmoja. Baba aliinamisha kichwa akasikiliza, na watu wote wakamwangalia yeye badala ya gari. Akasema, "Alhamdulillahi. Sasa mwaga oili yote, utie safi." Basi. Sikuhitaji zaidi. Nilipomtafuta fundi wa muwa nikaona ameondoka.

Kuendesha nilijifunzia njia ya Kwihara, baba akiwa kiti cha pembeni. Aliniambia kubadili gia kwa kusikia injini, maana hakuwa na njia nyingine ya kunifundisha. Nilipokwenda kutahiniwa leseni, askari wa barabarani aliniuliza mume wangu yuko wapi. Nikamwambia, "Hayupo, afande. Gari lipo." Akanirudisha nyuma katikati ya mapipa mawili, mara tatu, kisha akatia sahihi.

Kabla mwaka haujaisha, mwanamke mmoja wa makamo alibisha hodi kwetu. Alikuwa mrefu, amevaa kitenge kilichopauka na viatu vya matairi, na alijitambulisha kuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama katika kijiji kipya cha ujamaa upande wa Choma. Alimwamkia baba kwa heshima, akakaa mkekani, akaeleza shida yake bila kuzunguka. Kikundi chao kilikuwa kimepata mashine ya kusaga nafaka. Imekuja kwa treni, imekaa stesheni ya Tabora wiki ya tatu sasa. Malori yote ya ushirika yamekwenda kubeba pamba, na mvua ikishika, mbuga haitapitika mpaka mwakani.

"Tulipohamishwa," alisema, "mashine ya karibu ikawa mwendo wa asubuhi nzima. Mama anaondoka alfajiri na debe kichwani, anarudi jua la utosi. Nimeambiwa mzee ana gari linaloweza mbuga."

"Nilikuwa nalo," baba alijibu. "Sasa lina mwenyewe. Muulize huyo."

Nilikuwa na pini midomoni. Nilizitoa moja moja, nikazichoma kwenye kimto cha pini. Kisha nikasema tutaondoka kesho kutwa.

Mashine tuliipakia kwa magogo, tukaifunga kwa kamba na nondo, wapagazi sita wa stesheni wakisukuma, na springi za nyuma zikanyooka kabisa. Tulikuwa wawili tu mbele, mimi na mama mwenyekiti. Baba alitaka kuja, mama yangu akakataa katakata, na safari hii alishinda. Alichonipa baba ni maneno: "Ukisikia sauti usiyoijua, simama kwanza. Woga uje baadaye."

Tulilala Nzega kwa jamaa za mama mwenyekiti. Asubuhi tukaacha barabara kuu, na hapo tukakuta mvua imetutangulia. Udongo mweusi wa mbuga ukilowa huwa kama unga wa ugali uliokorogwa vibaya, unashika tairi na hauachii. Niliingiza gia ya kwanza, nikaenda taratibu. Tulivuka korongo la kwanza, la pili. Kwenye la tatu, tunapanda ukingo, nikasikia "tak!" kavu nyuma yangu. Injini ikanguruma peke yake, na gari likarudi kinyumenyume mpaka chini.

Nikasimama kwanza. Nikazima. Woga ukaja, nikauacha uketi.

"Limekufa?" mama mwenyekiti akauliza.

"Bado sijui. Nishikie hiki kibao."

Wachungaji walitokea, wanaume wanne na ng'ombe wengi. Mkubwa wao aliliangalia gari, akaangalia mashine, akaniangalia mimi nikiwa nimeshalala kwenye tope, akamwambia mama mwenyekiti kwa Kisukuma jambo lililomfanya acheke. Kisha akasema kwa Kiswahili, "Dada, tufunge ng'ombe wanane, tukuvute mpaka kijijini."

"Ahsante, kaka. Nipe muda kidogo kwanza. Nikishindwa nitawaomba hao ng'ombe."

Niliweka jeki juu ya kibao, nikainua upande wa kushoto. Mwisho wa ekseli una kifuniko cha chuma kilichofungwa kwa bolti sita. Nikazifungua, nikavuta, na ule mti wa chuma unaozungusha tairi ukatoka umekatika kama muwa, nusu yake ikiwa imebaki ndani. Nilikaa nikautazama. Hatukuwa na mwingine. Nikaanza kufikiri kwa sauti, kama nilivyozoea kufanya na baba: tairi za nyuma hazitasukuma tena leo, lakini zinaweza kubiringika. Na gari hili linazo tairi mbili za mbele ambazo nazo injini inaweza kuzizungusha.

Kile kipande kilichobaki ndani nilikitoa kwa kufungua upande wa kulia na kukisukuma kwa nondo tuliyofungia mashine. Kilianguka mkononi mwa mama mwenyekiti, na akakishika kama yai. Upande wa kulia nikaufunga kama ulivyokuwa. Likabaki tundu la kushoto, ambalo tope lingeingilia na kula kila kitu. Yule mchungaji mkubwa alikuwa amekalia kipande cha ngozi ya ng'ombe. Nilimwomba. Akanikatia kwa kisu chake, nami nikakipimisha kwenye chuma, nikatoboa matundu sita kuzunguka, nikakifunga kwa zile bolti. Kilikaa vizuri kuliko kiraka chochote nilichowahi kushona.

Nikaingia garini, nikaingiza ekseli ya mbele.

"Sasa sukumeni," nikawaambia wachungaji, "lakini kwa mikono tu, ng'ombe wapumzike."

Tairi za mbele zilizunguka patupu, zikatupa tope juu ya boneti, zikazunguka tena, zikashika. Landrova ikapanda ukingo ikivutwa kwa pua, kama punda aliyekubali. Mama mwenyekiti alikuwa bado nje. Alikimbia pembeni akishikilia mlango, akaruka ndani na viatu vyake vya matairi mkononi. Tulicheka mpaka machozi. Nyuma yetu mchungaji alipunga fimbo.

Tulifika alasiri. Wanawake walikuja kutupokea kutoka mashambani, majembe mabegani, wakaizunguka mashine na kuigusa. Fundi wa kuifunga alikuwa ameahidi kuja mwezi mwingine. Nilikaa siku tatu nikaifunga mwenyewe juu ya sakafu waliyokuwa wameshaijenga, nikisoma michoro ya kitabu chake, na siku ya tatu tukaiwasha. Unga wa kwanza ulitoka na kutu kidogo, ukapewa kuku. Wa pili mama mwenyekiti aliuchota, akanitia kiganjani ukiwa moto. "Wabeja," akasema, ahsante kwa lugha ya kwao. Nikauonja.

Nilirudi Tabora kwa tairi za mbele njia nzima, na gari likiwa tupu haikuwa taabu. Baba alisikia mlio tangu kona ya msikiti, akatoka mpaka nje ya ua.

"Nyuma hakuvuti," alisema kabla sijashuka.

"Shikamoo, baba. Ekseli ya kushoto imekatika."

"Marahaba. Imekatika wapi?"

Nikamweleza yote, tope, ng'ombe, nondo, ngozi. Aliinama, akapapasa ile ngozi, akahesabu bolti kwa kidole, moja mpaka sita. Ngozi ilikuwa imekauka na kubana kama ngoma.

"Mimi ningechukua wale ng'ombe," hatimaye akasema.

Ekseli mpya tulichongewa na mzee mstaafu wa karakana ya reli, kutoka kwenye chuma cha lori lililokufa, na sikuwahi kuibadilisha tena. Mwaka uliofuata watawa wa hospitali ya misheni walileta daktari wa macho, na baba akafanyiwa jicho moja, kisha la pili. Alipofunguliwa bandeji na kupewa miwani mizito, aliomba tumpeleke bandani. Akafungua boneti mwenyewe, akachungulia kila mahali, akavuta waya huu, akagonga ule mpira.

Wakati ule barazani nilikuwa na kabureta mbili za watu, moja imeletwa na yule fundi wa muwa, ambaye alikuwa amekuja kimya kimya kuniomba nimkatie na gasketi. Nilikuwa nikizisafisha kwa brashi, huku nikimsubiri baba aseme kitu. Alichukua spana mfukoni mwa koti, akajaribu kukaza nati za hedi moja baada ya nyingine, hakuna iliyosogea.

"Zote zimekaza," alisema, na akaenda kunawa mikono ili tule.